Jinsi ya kuchora picha ya "mtu mzito" kwa mkono wa Kiflemi: hatua kwa hatua pamoja na Frans Luycx wa Vienna

Wateja wanaonijia na picha kwenye simu huwa na ombi moja: "Nichore nionekane mtu mzito." Zamani nilikuwa nawaongeza kifua na kuwapunguza mikunjo, na picha inatoka kama bango la kampeni. Niliacha nilipoanza kunakili kazi za wachoraji wa Kiflemi (watu wa Flandria, Ubelgiji ya leo) waliohudumu katika ikulu ya ukoo wa Habsburg, watawala wa Austria na Hispania wa zamani, hasa Frans Luycx. Huyu uzito aliutia kwenye mkao, nguo na giza la nyuma. Uso aliuacha na midomo yake minene na kidevu chake kirefu, urithi wa ukoo ule.

Luycx alizaliwa Antwerp mwaka 1604, akaandikishwa fundi kamili katika chama cha wachoraji cha Mtakatifu Luka mwaka 1620, kijana wa miaka 16. Antwerp ya wakati huo ilikuwa mji wa mchoraji mashuhuri Rubens, na kila karakana pale ilijua kugawana kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1630 akahamia Vienna kwa Kaisari Ferdinand III, akawa mchoraji wa ikulu. Mwaka 1652 akapandishwa kuwa kabaila. Akafia huko huko Vienna mwaka 1668. Sasa twende kazini, maana hatua zenyewe ndizo zilizomlisha.

Hatua ya 1: Uliza picha inakwenda wapi

Usishike brashi kabla ya kujua hili. Picha ya ikulu ilichorwa isafiri. Ukoo wa Habsburg ulikuwa na matawi mawili, Vienna na Madrid, yakioana kizazi baada ya kizazi, na mara nyingi bwana na bibi walionana kwanza kwenye turubai.

Chukua Mariana, binti wa Ferdinand III, aliyezaliwa mwaka 1634. Aliposwa na mrithi wa Hispania, Baltasar Carlos. Kijana akafa mwaka 1646, basi mwaka 1649 bibi harusi akapewa baba mtu, Felipe IV, ambaye ni kaka wa mama yake Mariana. Mjomba kabisa. Mtoto wao Margarita alipokuwa mdogo, ikawa zamu ya Velázquez, mchoraji wa ikulu ya Hispania, kumchora akiwa Madrid, na picha zikapelekwa Vienna ili Leopold I, mchumba wake, amtazame; huyu naye ni kaka wa mama yake. Walioana mwaka 1666.

Kwa hiyo mchoraji kama Luycx alikuwa anaandika barua kwa rangi. Kule iendako hakuna wa kueleza "hapa mwanga haukukaa vizuri." Muulize mteja wako: itakaa sebuleni, ofisini, au inakwenda kwa ndugu ughaibuni? Itatazamwa kutoka mita ngapi? Kama itatundikwa juu na mtu amesimama mzima mzima, weka mstari wa upeo (usawa wa jicho la mtazamaji) chini, usawa wa kiuno au chini zaidi. Mtazamaji atahisi anamwangalia mtu kutoka chini, na huo uzito anaoutaka mteja umeshapatikana bila kugusa kifua.

Hatua ya 2: Andaa turubai, na usianzie kwenye weupe

Waflemi walipaka kitani gundi ya ngozi ya wanyama, kisha tabaka la msingi lenye rangi ya kijivu au kahawia. Wewe tumia jeso ya dukani, ile rangi nyeupe ya msingi, tabaka 2, kila moja ipigwe msasa laini ikikauka. Halafu changanya amba mbichi (rangi ya kahawia itokanayo na udongo) na nyeupe kidogo, punguza kwa tapentaini, paka turubai zima na ufute kwa kitambaa mpaka ibaki rangi ya chai isiyo na maziwa. Acha siku 3.

Sababu ni moja: ukianza juu ya weupe, kila rangi itaonekana nyeusi kuliko ilivyo, na utaogopa kivuli. Ukianza katikati unakwenda juu kwa mwanga na chini kwa giza, pande zote mbili uko huru.

Hatua ya 3: Uso peke yake, kwenye kipande cha pembeni

Kaisari hakai kwenye kiti siku nzima, na Ferdinand III alikuwa na Vita vya Miaka 30 mezani. Desturi ya wachoraji wa ikulu ilikuwa kumaliza uso mbele ya mwenyewe kwa muda mfupi, kisha nguo, nishani na silaha zinaletwa karakanani na kuvalishwa sanamu ya mbao au kijana wa kazi. Kazi ya mwenye jina ni uso. Mikono wakati mwingine. Zulia achana nalo, mwanagenzi yupo.

Fanya hivyo hivyo. Kata kipande cha turubai, chora kichwa tu, kwa ukubwa ule ule kitakaokuwa nao kwenye picha kubwa. Hicho ndicho kielelezo chako, na ndicho mali. Hata mteja akiondoka, unaweza kuendelea mwaka mzima.

Pima kitu kimoja kabla ya vyote: umbali kati ya pua na mdomo wa juu. Nimefundisha vijana wa kutosha kujua kwamba macho yakikosewa kidogo jamaa husema "kachoka", lakini hapo pakikosewa wanasema "siye."

Hatua ya 4: Rangi iliyokufa

Waholanzi na Waflemi waliliita tabaka la kwanza kwa jina linalomaanisha rangi iliyokufa. Ni picha nzima kwa kahawia, kijivu na nyeupe, bila urembo. Changanya rangi na tapentaini nyingi, mafuta kidogo mno. Tabaka za juu ndizo zitakazokuwa na mafuta zaidi. Ukigeuza utaratibu huu, tabaka la juu litakauka kwanza, la chini likiendelea kusinyaa litapasua kazi yako kama udongo wa kiangazi.

Simama mita 4 nyuma. Kama haifanani katika hatua hii, haitafanana kamwe. Futa.

Hatua ya 5: Ngozi

Sahani ya rangi ya ngozi ya karne ya 17 ilikuwa fupi: nyeupe ya risasi, oka ya njano (rangi ya udongo), vemilioni (nyekundu kali), nyekundu ya kung'aa inayopenyeza mwanga, amba, na nyeusi ya mifupa iliyochomwa. Risasi na vemilioni ni sumu, ziache huko huko kwenye karne yake. Chukua nyeupe ya titani, nayo uitie kidogo kidogo kwa sababu ina nguvu kupita ile ya zamani.

Angalia Mflemi anavyovuka kutoka mwanga kwenda kivuli. Katikati kuna ukanda mwembamba wa kijivu baridi, na mara nyingi hakuupaka: ni ule msingi wa Hatua ya 2 unaochungulia. Acha pengo hilo. Mgeni wa kazi hii hukimbilia kulijaza.

Sasa neno kwa tunaochora ngozi nyeusi, maana miongozo mingi hainyamazi ila hapa. Sahani ile ile inafaa, lakini nyeupe isiingie kwenye nusu-mwanga, itatoa jivu, kama mtu aliyetoka kuoga hajapaka mafuta. Pandisha mwanga kwa oka na nyekundu. Nyeupe, ikiwa na tone la buluu, iweke sehemu tatu tu: paji, mfupa wa shavu, ncha ya pua. Pale ngozi inaakisi dirisha, na dirisha ni la buluu.

Hatua ya 6: Nguo nyeusi, lesi na mkufu

Hapa ndipo picha inapopata cheo chake, kwa hiyo tutakaa.

Mtindo wa Kihispania, nguo nyeusi, ulitawala ikulu za Habsburg. Nyeusi ya mifupa ikichanganywa na mafuta hukauka polepole kuliko karibu rangi zote. Itie amba kidogo, amba ina madini yanayoharakisha kukauka. Usitumie nyeusi moja. Andaa tatu: ya joto yenye amba, ya baridi yenye buluu, na ya kijivu kwa mikunjo inayopata mwanga. Mkunjo mmoja wa hariri unazihitaji zote.

Kisha subiri. Mimi niliwahi kumchora baba wa bibi harusi, shughuli ikiwa Jumamosi, nikagusa nyeusi baada ya siku 5, kidole kikatoka safi. Nikaweka lesi. Brashi ilipopita mara ya pili, nyeupe ikavuta nyeusi iliyokuwa laini chini ya ngozi yake, kola nzima ikawa rangi ya maji ya kufulia. Nilirudisha malipo ya awali. Siku hizi nasubiri wiki 2, na msimu wa mvua za pwani wiki 3.

Lesi yenyewe haichorwi uzi kwa uzi. Fuata hivi:

Paka umbo lote la kola kwa kijivu chepesi, chembamba, nyeusi ya chini ionekane kama mtu aliye nyuma ya pazia la chandarua. Ikikauka, chukua brashi ndogo yenye nyeusi utoboe matundu, si yote, yale yaliyo karibu na uso tu. Mwisho nyeupe nzito, isiyo na tapentaini, doa, doa, doa, kwenye kingo zinazokabili mwanga. Kadiri unavyokwenda begani punguza madoa. Ukisogea karibu utaona fujo. Rudi nyuma hatua 3, imekuwa lesi ya gharama.

Mkufu ni hivyo hivyo: kahawia, oka, kisha alama ya njano iliyokolea mahali pamoja kwenye kila pete. Wanaume wa ukoo ule walivaa Nishani ya Ngozi ya Dhahabu, kidani cha kondoo dume anayening'inia. Nishani hiyo ilianzishwa Bruges mwaka 1430 na Philip, mtawala wa Burgundy, kwa hiyo Luycx alipoichora Vienna alikuwa anachora kitu cha kwao.

Nyeusi si sheria. Mflemi mwingine aliyefika Vienna, Jan Thomas wa Ypres, mwaka 1667 aliwachora Leopold I na Margarita wakiwa na mavazi ya jukwaani, manyoya kichwani, rangi tele. Kama mteja ana kitenge kizuri, mchore nacho.

Hatua ya 7: Toa nakala

Ikulu haikuagiza picha moja. Ndugu, mabalozi na washirika wote walitaka sura ile ile. Weka karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake juu ya kielelezo cha uso, fuatisha mistari, toboa kwa sindano, pitishia vumbi la mkaa kwenye turubai jipya. Dakika 10 kichwa kimekaa. Wanaosema huko ni kudanganya hawajawahi kulipiwa picha 4 za mtu mmoja.

Anselm van Hulle, mtu wa Ghent, aliifanya biashara hii kwa upana zaidi. Wajumbe walipokusanyika Münster, Ujerumani, kujadili amani ya kumaliza Vita vya Miaka 30, iliyotiwa saini mwaka 1648, aliwachora mmoja mmoja, na picha zao zikachongwa kwenye bamba za shaba na kuchapishwa. Naye aliishia kuwa mchoraji wa Ferdinand III.

Hatua ya 8: Kusafirisha

Vanishi ngoja miezi 6. Ikibidi turubai likunjwe, lizungushie bomba nene, upande wa rangi ukiwa nje. Watu wengi hukunja rangi ndani wakidhani wanailinda. Ikiwa ndani inabanana na kukunjamana, ikiwa nje inanyooka tu.

Kabla ya kufunga, geuza nyuma uandike kwa penseli kwenye mbao, si kwenye kitambaa: jina la aliyechorwa, mwaka, na rangi ulizotumia. Picha nyingi za ikulu hazina saini wala jina, na ndugu wa ukoo ule walifanana kidevu, hata leo wataalamu wanabishana huyu ni yupi kati ya dada na dada yake.