Kumpokea anayekuja kujitolea

Akija mtu kujitolea kwenye hifadhi yetu ya parokia hapa Bagamoyo, wanapolala wasio na makazi, usimkabidhi ufagio mlangoni. Mkaribishe, mpe maji, kisha mtembeze: jikoni, chooni, mikeka ilipo. Usiku wa kwanza mpe kazi moja tu, kugawa uji akiwa na mwenyeji. Mwonyeshe namna ya kutoa kikombe: mikono miwili, “Shikamoo babu”, asubiri kuitikiwa. Wapo wazee wanaoshinda kutwa mtaani bila kuamkiwa, nalo naamini linauma kama njaa. Mwezi wa Ramadhani, akumbuke futari ya Waislamu magharibi. Picha marufuku, ahadi za pesa pia. Watu wakishalala, keti naye kwa chai ya tangawizi, umuulize kilichomgusa. Akilia, mwache alie. Kesho yake mpigie simu.