Samaki wa magamba ya konokono wanataka mchanga, si kokoto

Mnaofuga samaki wa mapambo hapa Kigoma, hasa wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaolala na kutaga ndani ya magamba ya konokono: wekeni mchanga laini, kina cha sentimita 5 au zaidi. Samaki hawa huchimba mchana kutwa. Kwenye kokoto hawawezi kuchimba, na samaki asiyechimba ni vigumu kutulia na kuzaa.

Kwa kuwa wanachimba, kama unataka mawe, yatangulize kwenye kioo cha chini, kisha mwaga mchanga kuyazunguka. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litachimbuliwa chini yake, liporomoke, na linaweza kupasua tangi.

Magamba yawe mengi kuliko samaki, wasigombanie nyumba. Okota matupu yaliyosukumwa ufukweni, uyachemshe. Yaliyo ziwani yaacheni, yana wenyewe.

Maji ya ziwa letu yana alkali nyingi, pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu 9, na ndiyo waliyoyazoea. Walioko Tabora wanaotumia maji ya mvua waongeze vipande vya mawe ya chokaa kwenye chujio ili kupandisha alkali. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27.