Namna ya Kutembelea Ostia Antica, Bandari ya Kale ya Roma

Wageni wengi wanaokwenda Italia kutazama magofu ya Kirumi huelekea Pompeii, wala hawakosei. Lakini anayetaka kufahamu jinsi mji mkuu wa Warumi ulivyolishwa, na watu wa kawaida walivyoishi humo, atenge siku nzima kwa ajili ya Ostia Antica, mji uliokuwa bandari ya Roma kwenye mlango wa mto Tiber.

Ukiwa Roma, panda treni ya Lido katika stesheni ya Porta San Paolo, iliyo jirani na kituo cha metro cha Piramide, ushuke Ostia Antica baada ya takriban nusu saa, kisha utembee kwa dakika chache hadi langoni. Usiende Jumatatu, kwani magofu hufungwa. Vaa viatu vya soli nene, kwa kuwa njia kuu, Decumanus Maximus, imetandikwa mabamba ya mawe yasiyo sawa na ina urefu unaozidi kilomita moja.

Katika hamamu ya Neptune, panda kwenye ukingo wa juu uitazame sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe, inayomwonyesha mungu wa bahari akivutwa na farasi wenye mikia ya samaki. Baada ya hapo upo ukumbi wa maonyesho uliojengwa kwanza zama za Kaisari Augustus. Usikae sana kwenye ngazi zake, kwa maana jambo kubwa kuliko yote liko nyuma yake.

Huko kuna uwanja wa mraba uitwao Piazzale delle Corporazioni, uliozungukwa na vyumba vidogo vipatavyo 60 vilivyohusiana na wafanyabiashara na wenye vyombo vya baharini. Uzunguke polepole, ukisoma sakafu mbele ya kila chumba: hapa merikebu zenye matanga, pale mnara wa taa, kwingine chombo cha kupimia nafaka kinachofanana na pishi. Watu wa Carthage, katika Tunisia ya leo, wameandika jina la mji wao. Wa Sabratha, katika Libya ya leo, wameweka picha ya ndovu. Mimi naona hakuna mahali panapoeleza waziwazi zaidi kwamba Roma ilikula nafaka iliyovushwa kutoka Afrika ya Kaskazini. Usiikanyage michoro hiyo, wala usiimwagie maji ili rangi zing'ae.

Ukirudi njiani, ingia mtaa wa Via di Diana, ambako kuta za tofali za kuchoma za majengo ya ghorofa bado zimesimama. Chini palikuwa na maduka, juu nyumba za kupanga, na ngazi zikianzia barabarani moja kwa moja. Mkabala na jengo mojawapo, liitwalo jengo la Diana, upo mgahawa wenye kaunta ya marumaru, na ukutani umechorwa vyakula.

Ukiwa na nguvu bado, endelea hadi sinagogi la kale nje ya lango la Porta Marina, lililogunduliwa mwaka 1961 barabara ya uwanja wa ndege ilipokuwa ikijengwa. Lilisimama karibu na ufuo; tope la mto limeisukuma bahari hadi umbali wa kilomita 3 hivi. Anza kurudi angalau nusu saa kabla ya saa ya kufunga, maana lango uliloingilia liko upande wa pili wa mji.