Kufunga transfoma ya duara kwenye amplifaya: angalia bolti ya katikati

Amplifaya nyingi za zamani zina transfoma (kifaa cha kubadilisha volti za umeme) ya pembe nne, yenye bati za umbo la E na I zilizopangwa. Ya duara imekaa kama ngata ya kubebea ndoo, na imetengenezwa karibu vilevile: ukanda mrefu wa chuma chenye silikoni unaviringishwa kama kanga mpaka uwe pete, kisha waya wa shaba unazungushiwa pete nzima. Mwaka 1831 mwanasayansi Faraday alitumia pete ya chuma hivihivi kuonyesha kwamba mkondo unapobadilika katika koili moja, huamsha umeme katika koili ya pili.

Tofauti iko kwenye maungio. Bati za E na I zinapokutana hubaki upenyo mdogo wa hewa. Usumaku unavuka kwa shida, mwingine unavujia nje, na huo ndio unaoingia kwenye waya za sauti ukatoa mvumo kwenye spika. Pete haina maungio. Ndiyo maana ya duara ni ndogo na nyepesi kwa nguvu ileile, na hutumia umeme kidogo sana ikiwa haina kazi.

Hatua ya 1. Ipime ikiwa nje. Ncha za sekondari (koili ya kutoa umeme) zisiguse kitu chochote. Unganisha praimari (koili ya kupokea umeme) na umeme kupitia balbu ya uzi ya wati 60. Balbu imulike mara moja, kisha izimike. Ikibaki inawaka, kuna raundi zimegusana ndani, iweke kando.

Hatua ya 2. Hii ndiyo raha ya transfoma ya duara. Chomoa umeme, pitisha waya wenye plastiki kwenye tundu mara 10, washa, upime ncha zake. Tuseme mita inasoma volti 3.5: kila raundi ni volti 0.35. Ukitaka volti 12, zungusha raundi 35. Huhitaji kufungua kitu.

Hatua ya 3. Weka mpira chini, mpira juu, sahani ya chuma, kisha bolti ipite katikati ya pete. Bolti iguse chasisi (boksi la chuma la amplifaya) upande mmoja tu! Niliwahi kuletewa amplifaya ambayo bolti ilikuwa ndefu, kifuniko kikaikalia. Bolti, kifuniko na chasisi vilikuwa vimefanya raundi moja kamili. Volti 0.35 ni ndogo, lakini kwenye chuma kinene inasukuma mamia ya ampea. Plastiki ya nje ilikuwa imekunjamana, harufu ya vanishi imejaa boksi. Acha nafasi ya kidole kati ya bolti na kifuniko.

Hatua ya 4. Tumia fyuzi ya kuchelewa. Kwa kuwa pete haina upenyo, inapowashwa huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, na fyuzi ya haraka itakatika bure. Kwa transfoma kubwa, weka rezista ya kupunguza mkondo huo na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuiruka rezista hiyo baada ya sekunde moja.

Transfoma ikianza kuunguruma ghafla wakati amplifaya ni nzima, uliza saluni ya jirani. Baadhi ya draya za nywele, zikiwekwa moto mdogo, hupitisha nusu tu ya wimbi la umeme kwa dayodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu. Pete haivumilii hilo. Subiri draya izimwe, usikilize tena kabla hujafungua skrubu hata moja.