Msitupe changarawe mkipima udongo wa malisho

Wenzangu wa Dar mnaonunua maeneo ya kufugia huko Chalinze, cheti cha maabara kikisema udongo ni "tifutifu", mjue mawe hayajahesabiwa. Hupimwa kile tu kilichopita kwenye chekecheke la milimita 2.

Chimba kashimo, weka udongo wote pembeni. Tandika nailoni laini shimoni, jaza maji ukihesabu lita: huo ndio ujazo wake. Chekecha udongo, tumbukiza mawe kwenye ndoo ya maji yenye alama za lita. Maji yanavyopanda ndiyo ujazo wa mawe. Kwa mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo, mawe yakifika asilimia 15 ya ujazo wa shimo ni udongo wa changarawe, 35 changarawe nyingi. Nusu ikiwa mawe, nyasi hubakiwa na takriban nusu ya maji mliyotegemea. Jamani, pimeni kabla ya kununua ng'ombe.