Gitaa la kumuenzi Mwenda wa Bayeke: ubao wa mukula usiutie kwenye valizi

Kabla ya mikro (kinasa sauti cha nyuzi), kabla ya rangi, kabla ya kumtafuta fundi: usitumiwe ubao wa mukula, mti mwekundu wa Katanga, kutoka nyumbani Kongo. Wengi wetu tunaoishi Ubelgiji na Ufaransa tumeungua hapo. Mtu anaagiza gitaa la umeme kwa heshima ya Mwenda, mpiga gitaa wetu wa Katanga, anataka liwe na mti wa huko, anapiga simu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na wiki mbili baadaye yaya (kaka au dada mkubwa) anapanda ndege uwanja wa Luano na ubao umeviringishwa ndani ya vitenge. Duane (forodha) ya Ulaya inauchukua. Fundi anabaki na mchoro mkononi, avansi (malipo ya awali) haionekani tena, na yaya anahojiwa kama mfanyabiashara wa magogo.

Sababu ni hii. Mukula, Pterocarpus tinctorius, uliingia mwezi Novemba 2019 katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tangu Februari 2023 jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika imo, hata padouk. Kinachobanwa ni magogo, mbao zilizopasuliwa, mbao nyembamba za kubandika, plaiwudi, na mbao zilizokwisha kuchongwa kingo. Kwa hiyo kuupiga ubao randa ili "uonekane kama kifaa" hakusaidii. Ubao unahitaji kibali cha kutoka Kongo, kinachotolewa na ICCN, taasisi ya serikali ya uhifadhi wa mazingira, na kwa kawaida kibali cha kuingilia cha nchi unayokaa, vyote vikiwa mkononi kabla mti haujaondoka. Risiti ya soko haitoshi. Barua ya mkuu wa kartie (mtaa) haitoshi. Karatasi ya mazingira ya mkoa, hata ikiwa na mihuri mitatu, haitoshi.

Wajomba na mama wadogo, tunajua mnatuma kwa mapenzi. Lakini "ni kaubao tu, nani ataona?" ndilo neno linalotuponza. Mashine ya uwanja wa ndege inaona, na mukula ni mwekundu, hauhitaji mtaalamu. Pembe ya ndovu ya kutengenezea kidaraja cha kichwani (kile chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo) ndiyo msiitaje kabisa: mfupa wa ng'ombe unafanya kazi ileile, na fundi anao.

Jambo linalowachanganya watu ni kwamba gitaa lililokamilika lenye mukula halimo katika orodha hiyo. Ubao ndio uliomo. Mti mmoja, sheria mbili, kulingana na hatua ya kazi. Basi, ukiutaka mukula au padouk, mwambie fundi aununue kwa muuzaji wa Ulaya mwenye karatasi za asili yake, na jina la kisayansi liandikwe kwenye faktura (ankara). Mpingo-waridi (rosewood) wa jamii ya Dalbergia nao uko hivyo: vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa Novemba 2019, isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo imo Kiambatisho cha I tangu 1992. Gitaa la zamani lenye mti huo usilivushe mpaka bila kuuliza.

Hata bila duane, ubao wa sokoni ni hasara. Mti wa gitaa unatakiwa uwe na unyevu wa asilimia 6 hadi 8 hivi. Ubao uliopasuliwa mvua zilizopita, ukiingia karakana yenye joto la radieta mwezi wa Januari, unapinda au kupasuka mbele ya macho yako. Tena mukula ni mzito: mwili mzima wa milimita 45 utakuvunja bega kabla wimbo wa tatu haujaisha. Uombe kwenye ubao wa vidole, milimita 6, au kama uso wa milimita 5 juu ya mti mwepesi.

Kama moyo unataka kitu cha nyumbani hasa, leta shaba. Bati la shaba la nusu milimita hadi milimita moja halimo katika orodha ya miti wala ya wanyama, na linamfaa Mwenda, mtoto wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri ambako shaba ilikuwa biashara kabla Mbelgiji hajafika. Kata msalaba mdogo wa shaba, mfano wa ile ya kale ya Katanga, wa milimita 12 hivi, uchomekwe kwenye freti ya 12. Ukate mpya: ule wa kale wa babu ni kitu cha urithi, uache nyumbani. Karatasi nyembamba ya shaba, ikibandikwa ndani ya shimo la waya na kuunganishwa na waya wa ardhi kwa risasi ya kulehemu, inapunguza mngurumo wa mikro ya koili moja. Lakini bati lisifunike mikro yenyewe, sauti za juu zitafifia. Na lipakwe vanishi, la sivyo jasho litaligeuza kijani.

Sasa gitaa. Mwenda, aliyezaliwa 1930 na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga gitaa kavu (lisilo la umeme) kwa kidole gumba na cha shahada. Usimtengenezee gitaa la roki. Omba mwili wenye uwazi ndani, mikro moja ya koili moja karibu na shingo, kidaraja cha kichwani chenye upana wa milimita 44 au 45 ili vidole visigongane, nyuzi kuanzia unene wa inchi 0.011, na kimo cha nyuzi cha milimita 2 kwenye freti ya 12. Mwili wa namna hiyo hupiga mluzi karibu na spika kubwa. Ukipiga jukwaani, omba kipande cha mti katikati.

Kama utalitumia pia kwa mi-solo ya rumba, yaani gitaa la kati ya solo na ritimu, sema mapema. Katika mi-composé, namna ya kufunga nyuzi inayotumika humo, uzi wa nne, ule wa re, unaondolewa na kuwekwa uzi mwembamba wa 0.010 unaokazwa hadi re ya juu. Mfereji uliochongwa kwa uzi mnene wa kawaida utauacha ukicheza na kulia kama nyuki, na sauti itapotoka kadiri unavyopanda shingo. Omba vidaraja viwili vya kichwani, na daraja ambalo kila uzi unasogezwa peke yake.

Oda yenyewe: mchoro, bei ya maandishi, avansi, saini. Hapo kuna shimo la pili. Zile siku 14 za kurudisha bidhaa iliyonunuliwa kwa mbali, ambazo kila mtu wa Ulaya anazitaja, hazihusu kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako. Ukishasaini, rangi uliyoichagua ni yako. Dhamana ya kisheria ya miaka miwili dhidi ya kasoro inabaki. Mafundi wa Ulaya hawapunguzi bei kwa maneno matamu, na fundi anaweza kuliona ombi la kupunguziwa kama dharau kwa mikono yake. Lakini alichokiandika atakifanya, na kisichoandikwa hakipo. Mimi naona ni haki, na naona pia ni haki kwamba wanaulinda mukula, baada ya makontena yote yaliyoondoka Katanga. Kwa hiyo andika aina ya kila mti, uzito wa juu kabisa, upana, nyuzi, tarehe. Nembo ya Fender au Gibson kichwani usiiombe, fundi mwaminifu atakataa. Jina la Mwenda liwekwe ndani ya mwili au nyuma ya kichwa. Kama mnataka kuuza magitaa hayo, zungumzeni kwanza na familia.

Ukienda nalo likizo Lubumbashi, chukua sanduku gumu, legeza nyuzi kidogo, na ubebe faktura ile yenye majina ya kisayansi ya miti, si nakala ndani ya simu peke yake. Wakati wa kurudi Ulaya ndipo watu wa duane watakapoiomba.