Kukwaruza gitaa kama DJ

Ule mkwaruzo wa santuri kwenye solo ya "Bulls on Parade", wimbo wa bendi ya roki ya Rage Against the Machine, mwaka 1996, ni gitaa tupu. Ni kazi ya Tom Morello, mpiga gitaa wa bendi hiyo, ambaye baba yake ni Mkenya.

Tafuta gitaa la umeme lenye pikapu mbili (vifaa vya sumaku chini ya nyuzi vinavyonasa mlio wake), kila moja na kitufe chake cha kuongezea sauti. Moja ifungulie mpaka mwisho, nyingine izime kabisa, kisha tia distoshani, yaani ule mlio mkali wa kukwaruza. Mkono wa kushoto usugue nyuzi mbele na nyuma juu ya pikapu. Wa kulia uchezeshe swichi ya kuchagua pikapu, kata-washa, kata-washa. Nyuzi usizikandamize! Viganja vilegee, usikike msuguo tu, isitoke noti. Ukiwa na pedali ya wah-wah (ya kukanyaga kwa mguu, hufanya mlio useme "wa-wa"), utamu unazidi.